Barua ya wazi kwa klabu ya soka ya HJK na wenye dhamana ya viwanja vya Helsinki: usawa uanzie kwenye kapeti

Kwa: Bodi na uongozi wa HJK, idara ya michezo ya Jiji la Helsinki, Shirikisho la Soka la Ufini (Palloliitto)

Yah: Kapeti moja, timu mbili na theluji

Ndugu viongozi,

Barua hii haihusu kocha, usajili wala msimamo wa ligi. Inahusu kapeti la nyasi bandia, nani anapewa saa zake nzuri, na nani analikuta limeshachoka.

HJK ilianzishwa 1907. Timu yake ya wanaume ndiyo pekee ya Ufini iliyowahi kucheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, msimu wa 1998–99, pamoja na Benfica, Kaiserslautern na PSV. Timu ya wanawake imechukua ubingwa wa nchi zaidi ya mara 20, na UEFA ilipoanzisha kombe la klabu za wanawake msimu wa 2001–02, ilifika nusu fainali na kutolewa na Umeå ya Uswidi. Wanaume makundi, wanawake nusu fainali. Ukiyaweka mezani hayo mawili, habari ya nani ni timu kubwa na nani ni timu ya pembeni haina jibu jepesi.

Nchi hii ilishaliondoa neno “wanawake” kwenye jina la ligi yao. Tangu 2020 inaitwa Kansallinen Liiga, yaani Ligi ya Taifa, basi. Tuliipokea kwa furaha. Lakini mpira hauchezwi juu ya jina.

Hatuandiki kumshtaki mtu. Tunayoyaeleza hapa ni tabia ya nyasi bandia katika nchi ya theluji, na tabia hiyo ni ileile uwe Töölö, mtaa wa Helsinki ulipo uwanja wa HJK, au kwenye miji ya Kuopio na Tampere. Tumeielekeza barua kwa HJK kwa sababu ikifanya jambo, klabu nyingine huiga. Na uwanja wa Töölö, uliofunguliwa 2000 na leo unaitwa Bolt Arena, una historia yake katika jambo hili: mechi za Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 za 2003 zilichezwa hapo juu ya nyasi bandia, wakati sehemu nyingi za dunia zilikuwa bado zinazicheka. Mwaka 2009 ukapokea pia mechi za Euro ya wanawake.

Tuanze na kapeti lenyewe, maana wengi wanaoligawia saa hawajawahi kuinama kulichungulia. Nyuzi za plastiki zina urefu wa milimita 40 hadi 60. Katikati ya nyuzi, chini kabisa, kuna mchanga wa kulikandamiza kapeti lisitembee. Juu ya mchanga kuna chembe za raba, mara nyingi matairi yaliyosagwa. Viwanja vingine vina pia godoro jembamba chini ya kapeti la kupunguza mshindo. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140; ukihesabu na ukingo wa usalama unafika kama 8,000. Weka kilo 10 za raba kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kawaida pasipo na godoro, na tayari una tani 80 za raba.

Tani hizo hazikai pale zilipomwagwa. Kila anayepiga penalti anachimba kidogo. Kila kipa anayeruka anasukuma raba nyuma ya mstari. Kila mtoto anaondoka na kijiko kizima ndani ya viatu na soksi, kisha mama anakikuta kwenye mashine ya kufulia. Baada ya miezi michache, katikati ya uwanja raba imejaa, na kwenye nukta ya penalti, mdomoni mwa goli na kwenye njia ya mwamuzi msaidizi, mchanga unakaribia kuonekana. Hapo nyuzi hazina kinachozishikilia. Zinalala, na zikishalala zinapasuka vichwa kama ukindu wa mkeka uliokaliwa miaka. Nyuzi iliyopasuka haifufuki hata uipige brashi mara ngapi.

Kujua hali ya uwanja hakuhitaji maabara. Chukua rula ya chuma, isimamishe juu ya raba, usome urefu wa nyuzi uliobaki wazi. Milimita 10 hadi 20, endelea kucheza. Ikizidi 25, sehemu hiyo ina njaa ya raba. Ndoo moja, brashi ngumu na dakika kumi vinatosha kurekebisha nukta ya penalti, ilimradi kapeti ni kavu na halijaganda. Kipimo cha pili ni mpira. Weka alama mita 2 kutoka chini kwenye mwamba wa goli (wenyewe unafika mita 2.44 chini ya mtambaapanya), achia mpira kutoka hapo, rekodi kwa simu, usome umedunda hadi wapi. Kwa cheti cha kawaida cha FIFA unatakiwa kurudi sentimita 60 hadi 100. Kwa cheti cha juu, 60 hadi 85. Kabla ya hapo upime mpira wenyewe kwenye zege: ukiachiwa kutoka mita 2 unatakiwa kudunda kama mita 1.35. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanaulaumu uwanja kumbe mpira umejazwa upepo kupita kiasi.

Cheti cha juu kinadumu mwaka mmoja, cha kawaida miaka mitatu. Kati ya ukaguzi na ukaguzi kuna mamia ya saa za mazoezi, na kuna majira ya baridi.

Anayezijua nyasi bandia za Dar es Salaam au Zanzibar anajua adui yao ni jua: saa nane mchana raba nyeusi inachoma hadi nyayo zinalalamika ndani ya njumu. Huku adui ni theluji, na anayefanya uharibifu si theluji yenyewe. Ni yule anayeiondoa.

Fanya hesabu. Theluji mpya ya sentimita 10 juu ya mita za mraba 8,000 ni mita za ujazo 800. Theluji nyepesi ina uzito wa kama kilo 100 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 80, uzito uleule wa raba iliyo uwanjani. Trekta linaingia usiku, linasukuma, linaondoka. Dereva anataka kapeti lionekane kijani ili asubuhi asipigiwe simu, hivyo anashusha bapa la kusukumia theluji hadi liguse nyuzi. Theluji inatoka, na raba inatoka nayo. Aprili ikifika, pembeni mwa uwanja kunabaki kilima cheusi. Mvua ya kwanza inakipeleka kwenye mfereji, na Helsinki mfereji hauna safari ndefu kufika baharini.

Kazi hiyo ina namna yake ya kufanywa. Bapa liwe na ukingo wa raba, na litembee juu ya magurudumu madogo au mateleza yanayoliacha sentimita 1 hadi 2 juu ya ncha za nyuzi. Theluji inayobaki iondolewe kwa brashi ya kuzunguka, polepole, au iachwe iyeyuke. Magurudumu ya trekta yawe mapana, yenye upepo mdogo, bila minyororo. Trekta lisikate kona juu ya kapeti lililoganda, kwa sababu maungio ya gundi huwa magumu wakati wa baridi na huachia; mistari myeupe, ambayo mara nyingi ni vipande vilivyoungwa, huwa ya kwanza kung’oka. Theluji yote ipelekwe sehemu moja iliyosakafiwa, yenye ukingo wa kuzuia na chujio kwenye bomba la maji. Ikishayeyuka, raba inafagiliwa, inachekechwa kama mchele ili kutoa kokoto na majani, na kurudishwa uwanjani. Raba hiyo imeshalipiwa, haina sababu ya kununuliwa mara ya pili.

Tatizo kubwa liko kwenye mkataba kuliko kwa dereva. Mtu anayelipwa kwa safari ana haraka. Tunapendekeza kifungu kimoja tu kiongezwe: kina cha raba kipimwe kwenye sehemu 12 zilizowekewa alama kabla ya theluji ya kwanza, kisha kipimwe tena sehemu zilezile baada ya theluji ya mwisho. Upungufu ukivuka kiwango mlichokubaliana, gharama ya raba ikatwe kwenye malipo ya mkandarasi. Mkikiweka hicho, bapa litapanda lenyewe bila semina yoyote.

Kwenye viwanja vyenye mabomba ya joto kosa ni jingine, na ni ghali zaidi. Kapeti na godoro lake ni kama blanketi: joto la chini linachelewa sana kufika juu. Mabomba yakiwashwa baada ya theluji kuanguka, tabaka la chini linayeyuka, maji yanaingia kwenye raba, halafu mtu anaiona bili ya nishati na kuyazima. Usiku joto linashuka hadi nyuzijoto 10 chini ya sifuri. Asubuhi hakuna uwanja tena, kuna barafu yenye nyasi ndani, na barafu hiyo haikwanguliwi bila kung’oa kapeti. Joto liwashwe siku moja au mbili kabla ya theluji inayotabiriwa, lishikiliwe juu kidogo ya sifuri, na lisizimwe hadi maji yamekauka. Kama fedha haitoshi kwa hilo, ni heri kutowasha kabisa na kuiacha theluji kavu ikae hadi siku ya kuifagia.

Na hapo ndipo linapokuja suala la nani ni nani. Fedha ya joto haitoshi kila mahali, kwa hiyo mtu anaamua mabomba yawake kwa mechi gani. Ratiba ya wanaume inajulikana: Veikkausliiga, ligi kuu yao, inaanza Aprili, na timu ikiingia Ulaya kuna mechi za nyumbani hadi Desemba. Ya wanawake ilikuwa rahisi kuisahau kwa sababu mashindano yao ya Ulaya kwa klabu za Ufini mara nyingi yaliisha kabla baridi haijakaza. Sasa sivyo. Kuanzia msimu wa 2025–26 UEFA ina mashindano mawili ya klabu za wanawake, Ligi ya Mabingwa na Kombe la Europa la Wanawake, na raundi za hilo la pili zinaingia Oktoba na Novemba. Tunaomba orodha ya siku za kuwasha joto iwe moja, ya timu zote mbili, na itolewe hadharani kabla ya Septemba. Katika kugombania joto, mechi ya ushindani ya wanawake itangulie mazoezi ya wanaume. Tungeandika hivyohivyo kama hali ingekuwa kinyume.

Kuhusu saa za kawaida: siku za kazi uwanja una uhai kati ya saa tisa alasiri na saa nne usiku, yaani muda wa saa saba. Ukiugawa robo nne, timu nne za watoto zinaingia kwa pamoja, na hilo ni jema, ndiyo kazi ya nyasi bandia. Ila kuna jambo ambalo wapanga ratiba hawalioni kwenye jedwali la kompyuta: raba inakandamizwa na kuhamishwa saa kwa saa. Timu inayoingia saa tatu usiku haipati uwanja ule ulioingiwa saa kumi. Katika soka la nchi nyingi, saa za mwisho huwaangukia wanawake, ambao wengi wao wametoka kazini au chuoni, na watarudi huko asubuhi. Hatutaki wanaume wafukuzwe. Tunataka timu kuu mbili zipokezane saa nzuri, wiki kwa wiki, na brashi ipite katikati ya zamu angalau mara moja jioni, hasa kwenye midomo ya magoli.

Siku ya mechi ya ligi, ya wanaume au ya wanawake, karatasi ya uwanja iwe ileile: saa tatu kabla ya mechi hakuna anayekanyaga, brashi imepita, raba imepimwa sehemu 12, mpira umedundishwa sehemu tatu, mtunza uwanja ametia sahihi. Inashangaza jinsi karatasi moja inavyoweza kumaliza mjadala.

Kwa wanawake jambo hili lina uzito wa pekee. Wachezaji wa Kombe la Dunia la 2015 nchini Kanada walifungua malalamiko ya kisheria, yaliyoondolewa Januari mwaka huohuo, kwa sababu viwanja vyote sita vilikuwa vya nyasi bandia, kitu ambacho wanaume hawakuwahi kupewa katika Kombe lao la Dunia la wakubwa. Töölö hoja hiyo haina nguvu, kwa kuwa plastiki ni ya wote. Lakini goti halisomi ratiba. Kano ya msalaba ya mbele ndani ya goti (ACL) hukatika kwa wachezaji wa kike mara mbili hadi tatu zaidi kuliko kwa wa kiume, na inaweza kukatika bila mtu kuguswa: mguu umekwama, mwili umegeuka. Kapeti lenye raba pungufu linang’ang’ania njumu. Kapeti lililoganda linafanya kinyume, njumu haizami kabisa. Mchezaji anayetoka kwenye sehemu ya kwanza na kuingia ya pili katika mbio moja hana namna ya kujihami.

Kwa hiyo, kipimo cha kisigino: kocha akanyage kwa kisigino cha njumu kwenye sehemu tano. Kisipoacha alama, raba imeganda, na mazoezi ya kukimbia na kugeuka yahamie ndani ya ukumbi. Njumu ziwe za nyasi bandia, zenye meno mafupi na mengi. Meno marefu ya uwanja wa majani yaachwe nyumbani. Ule utaratibu wa FIFA wa kupasha misuli, 11+, ufanyike wote: mazoezi 15, dakika 20, yaani dakika 8 za kukimbia, 10 za nguvu na mizani, 2 za mbio. Utafiti mkubwa uliofanywa Norwe kwa wasichana, uliotoka 2008, ulionyesha majeraha mabaya yakipungua kwa karibu nusu. Kinachoua utaratibu huu ni saa. Timu iliyopewa dakika 60 haitatumia 20 kupasha misuli, itatumia tano. Dawa yake ni ndogo: timu iruhusiwe kuingia dakika 20 kabla ya zamu yake kwenye eneo lolote lenye sakafu kavu, korido au ukumbi mdogo, na zamu ya uwanjani ianze wakiwa tayari wamepasha.

Jambo la mwisho lina tarehe. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni namba 2023/2055 kuhusu plastiki ndogo, na chembe za kujazia viwanja vya nyasi bandia hazitauzwa tena kuanzia Oktoba 2031. Wakala wa kemikali wa Ulaya ulikadiria kwamba viwanja hivi vinapoteza hadi tani 16,000 kwa mwaka barani kote. Kanuni haifungi viwanja vilivyopo, inafunga duka. Kapeti linaishi kama miaka kumi. Anayetandika leo kapeti la raba atakuwa na uwanja wa umri wa kati usio na chakula.

Njia zilizopo zote zina kasoro, na tungependa ziwekwe wazi kabla ya zabuni. Gome la mwaloni wa Ureno, lile la vizibo vya chupa, ni jepesi na zuri miguuni, lakini linaelea mvua ikipiga kwa nguvu. Vijazo vya mbao na vya mimea kwa jumla vinashika unyevu, na unyevu ukiganda uwanja unakuwa jiwe. Kilichofaulu Hispania kisichukuliwe kuwa kitafaulu hapa. Kapeti lisilo na chembe kabisa, lenye mchanga na nyuzi nzito pekee, halina cha kupotea kwenye theluji, na kwa upande wa trekta ndilo rahisi, ila linachubua ngozi zaidi na linachoka mapema. Sisi tungeanza na hilo la mwisho kwenye uwanja mmoja wa mazoezi wenye godoro zuri, misimu miwili mizima ya baridi, kabla ya kugusa uwanja mkuu. Majaribio hayo yafanywe na timu zote mbili kuu pamoja na vijana, kwa njumu zao wenyewe, na maoni ya wachezaji wa kike yaandikwe kwenye fomu ileile na ya wanaume. Kapeti lililopimwa kwa uzito na mwendo wa wanaume peke yao limepimwa nusu.

Kanuni za leseni za UEFA, tangu toleo la 2022, zinadai klabu ya wanaume inayotaka kucheza Ulaya iwe na shughuli za soka la wanawake. Klabu yenye timu kama hii haihitaji kusukumwa na kanuni hiyo. Lakini mkaguzi akija, kipimo cha raba chenye tarehe na sahihi kitamwambia mengi kuliko picha za ukutani.

Zabuni za kuondoa theluji zinaandaliwa kabla baridi haijaanza, kwa hiyo muda ndio huu. Tunaomba vitu vitatu viwe tayari kabla ya theluji ya kwanza: kifungu cha kina cha raba ndani ya mkataba, orodha moja ya siku za joto, na ratiba ya jioni yenye kupokezana. Na matokeo ya kipimo cha kwanza cha sehemu 12 yabandikwe kwenye mlango wa kuingilia wachezaji, yaandikwe kwa kalamu inayostahimili baridi. Ya wino wa kawaida huganda.

Wenu,

Wazazi na mashabiki wa Klubi (jina la utani la HJK) tunaozungumza Kiswahili, Helsinki